Huzuni baada ya kuacha prednisoloni si lazima itokane na upungufu wa vitamini

Wapo wanaoamini kwamba prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi inayotolewa kwa wagonjwa wa pumu na maradhi mengine, humaliza vitamini mwilini, na kwamba huzuni na uchovu unaofuata baada ya kuiacha huondolewa kwa vidonge vya vitamini kutoka duka la dawa.

Imani hiyo ina chanzo kinachoeleweka, kwani wanaotumia dawa hii kwa muda mrefu mara nyingi huandikiwa kalisi na vitamini D. Hata hivyo, hivyo hutolewa kwa ajili ya kulinda mifupa. Kinachogusa hisia ni jambo jingine: tezi zilizo juu ya figo hutengeneza kotisoli, homoni ambayo prednisoloni huiga, na dawa ikitumika kwa zaidi ya wiki 3 hivi, tezi hizo hupunguza kazi yake. Ikikatishwa ghafla, mwili hubaki na upungufu wa homoni, ambao vitamini haziwezi kuuziba. Ndiyo maana dozi hupunguzwa kidogo kidogo.

Msomaji anaweza kuthibitisha haya kwa kusoma karatasi ya maelezo iliyo ndani ya boksi la dawa, sehemu inayohusu kuacha matumizi, au kwa kumuuliza mfamasia. Upungufu halisi wa vitamini, kama B12, hupimwa kwa damu. Anayetapika, kuzirai, kuchanganyikiwa au kuwaza kujidhuru apelekwe hospitali mara moja, na awaeleze wahudumu kwamba alikuwa akitumia steroidi.