Kupakua nyimbo na kununua albamu: kipi kinabaki kuwa chako?

Mtu akisema "nimeshapakua albamu yake" na mwenzake akajibu "mimi nimeinunua", wanaweza kudhani wamefanya jambo moja. Nyimbo ni zilezile. Lakini kilichobaki mikononi mwao kinatofautiana, na alichopata mwanamuziki nacho kinatofautiana.

Albamu ni nyimbo kadhaa ambazo msanii amezipanga zitoke pamoja kama kazi moja. Urefu wake ulitokana na chombo kilichozibeba. Santuri ya LP, iliyoingizwa sokoni na kampuni ya Columbia ya Marekani mwaka 1948, ilichukua takriban dakika 22 kila upande. Kaseti ya Philips ikafuata mwaka 1963, kisha CD mwaka 1982. Kwetu Afrika Mashariki, kanda ya kaseti ndiyo iliyotawala kwa miaka mingi, na ya taarabu ingeweza kuwa na nyimbo chache tu kwa sababu kila wimbo ulikuwa mrefu. Ndani ya kava mlikuwa na karatasi iliyokunjwa, na kwenye karatasi hiyo, kwa herufi ndogo, majina: nani katunga, nani kaimba, nani kapiga gitaa la solo, nani la rithimu, nani besi, na studio ipi imerekodi. Wapenzi wengi wa dansi waliwajua wapigaji wao kupitia karatasi hiyo. Faili la wimbo mmoja uliotumiwa kwa simu halibebi habari hizo, na kwangu mimi hilo ni pengo kubwa, maana mpiga besi asiyetajwa popote husahaulika mapema.

Ukinunua kanda, santuri au CD, unakuwa umenunua nakala. Wimbo wenyewe si wako. Hakimiliki inabaki kwa mtunzi, kwa wasanii waliorekodi au kwa kampuni waliyoingia nayo mkataba. Huruhusiwi kuchoma CD mia na kuziuza. Lakini nakala ile moja ni mali yako. Unaweza kumwazima jirani, kuiuza ikiwa imeshatumika, kumpa mtu zawadi, na ukifa wanao wakairithi. Nchini Marekani, Mahakama ya Juu ilitambua kanuni hiyo mwaka 1908 katika kesi iliyohusu kitabu: mwenye hakimiliki akishauza nakala, hawezi kumpangia mnunuzi bei ya kuiuzia tena.

Kupakua ni kuhamisha faili kutoka kwenye kompyuta iliyo mbali hadi kwenye kifaa chako. Neno linaeleza kitendo tu. Halisemi kama umelipa, wala umepata haki gani, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa, kwa sababu chini ya jina hilo kuna shughuli tatu zisizofanana.

Ya kwanza ni kuchukua bila idhini ya mwenye kazi. Programu ya Napster ilianza mwaka 1999, watu wakawa wanabadilishana faili za MP3 bure, mpaka mahakama za Marekani zikailazimisha kusimama mwaka 2001. Huku kwetu kazi hiyo imefanywa na blogu na vibanda vya kuweka nyimbo kwenye memori kadi na fleshi. Litazame faili la namna hiyo kwa makini: mara nyingi jina la wimbo limefuatwa na jina la tovuti, mahali pa jina la albamu pana anwani ya blogu, na pengine katikati ya wimbo inaingia sauti ya DJ akijitangaza. Jina la mtunzi halipo. Na sauti imebanwa: MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde ni chini ya sehemu moja ya kumi ya data iliyomo kwenye CD. Wimbo wa dakika 4 unakuwa megabaiti 4 hivi, jambo linalookoa bando, lakini matoazi hupoteza uhai.

Si kila cha bure ni cha wizi, hata hivyo. Msanii ana haki ya kugawa kazi yake. Mwaka 2007 bendi ya Radiohead ya Uingereza iliweka albamu yake mtandaoni na kumwachia msikilizaji aamue mwenyewe alipe kiasi gani.

Shughuli ya pili ni kupakua kwa kulipia. Duka la mtandaoni la iTunes, la kampuni ya Apple, lilifunguliwa Aprili 2003, wimbo mmoja ukiuzwa senti 99 za dola. Hapo albamu ilipata pigo, kwani msikilizaji aliweza kuchukua wimbo uliovuma na kuziacha nyingine zote. Mwanzoni faili zake zilikuwa na kufuli la kidijitali lililozuia kuzichezea kwenye vifaa vingi. Kufuli hilo liliondolewa mwaka 2009. Tovuti ya Bandcamp, iliyoanza mwaka 2008, inauza albamu nzima kwa faili zisizo na kufuli.

Ya tatu ni kupakua ndani ya programu ya kusikilizia. Spotify, iliyofika Kenya, Tanzania na Uganda mwaka 2021, huwaruhusu wanaolipia kuhifadhi nyimbo wasikilize bila intaneti, ila lazima uingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30. Ukiacha kulipa, nyimbo ulizohifadhi hazichezi tena bila intaneti. Wewe hapo ni mpangaji: kodi ikikatika, unatoka.

Je, faili ulilolilipia unaweza kuliuza kama CD iliyotumika? Kampuni ya ReDigi ilijaribu kuendesha soko la namna hiyo Marekani, ikashindwa mahakamani mwaka 2013 na tena kwenye rufaa mwaka 2018. Mahakama ilisema kulihamisha faili ni kutengeneza nakala mpya, na kunakili kunahitaji idhini. Tangu Januari 2025, sheria ya jimbo la California inawataka wauzaji wa bidhaa za kidijitali wamweleze mteja wazi kwamba anapewa leseni, kama mauzo hayo hayampi umiliki kamili.

Ukitaka kujua umepata nini, lihamishe faili kwenye kompyuta au fleshi, zima intaneti, kisha lifungue kwa programu nyingine kabisa. Likicheza, nakala hiyo haina kufuli; ihifadhi mahali pawili, maana simu huibiwa na memori kadi huharibika. Lisipocheza, au usipoliona kabisa, ulichonacho ni ruhusa ya kusikiliza, na masharti yake anayo mwenye programu.