Maadili na uendelevu katika masomo ya biashara: yanayodhaniwa na yalivyo

Wapo wanaoshikilia kwamba maadili ni malezi ya nyumbani, na kwamba kijana aliyefika chuoni na miaka yake 20 hafundishiki tena. Dhana hii inachanganya adabu na uamuzi wa kitaaluma. Tuchukue kampuni ya madini inayopaswa kufukia shimo lake baada ya miaka 20, kwa gharama ya shilingi bilioni 1. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IAS 37, kinaitaka ioneshe wajibu huo katika hesabu zake sasa hivi, kwa thamani ya leo. Mhasibu akitumia kiwango cha punguzo, yaani asilimia ya kila mwaka inayotumika kugeuza fedha za baadaye kuwa thamani ya leo, cha asilimia 5, deni linakuwa takriban shilingi milioni 377. Akitumia asilimia 12, linashuka hadi milioni 104. Kiwango hicho cha punguzo hakiokotwi tu, kwa kuwa hutakiwa kuendana na hali ya soko na hatari za deni lenyewe, lakini nafasi ya kubishana ipo, na shimo linabaki lile lile. Mwanafunzi mwenye adabu kuliko wenzake wote hawezi kuona kilichofichika humo mpaka afundishwe hesabu yenyewe, na wa kumfundisha ni mwalimu wa uhasibu, si mhubiri.

Ndiyo maana haitoshi kuwa na somo moja la maadili, la saa mbili kwa wiki, huku idara nyingine zikiendelea kama kawaida. Mwezi Septemba 2015 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilitangaza kwamba Volkswagen iliweka katika magari yake ya dizeli programu iliyotambua gari linapopimwa, ikapunguza moshi kwa muda huo tu. Barabarani, oksidi za nitrojeni, gesi chafu zilizomo katika moshi huo, zilifika hadi mara 40 ya kiwango kilichoruhusiwa. Magari yaliyohusika duniani yalikuwa takriban milioni 11. Darasa la masoko likisoma kisa hiki peke yake litaona matangazo ya "dizeli safi" yaliyowahadaa wanunuzi. La sheria litaona faini. La fedha litaona hisa zilizoporomoka. Hakuna hata moja litakaloona jinsi udanganyifu mmoja ulivyopita mikononi mwa watu wa fani mbalimbali, ila wakae meza moja. Kikwazo kikubwa hapa, niseme wazi, ni ratiba: kuwapatia wanafunzi wa idara nne saa moja ya pamoja ni kazi kuliko kuandaa somo lenyewe.

Milton Friedman, mwanauchumi wa Marekani, naye hutajwa kama hati ya ruhusa, kwamba biashara haina wajibu ila faida. Wanaomtaja kwa kawaida huishia nusu ya sentensi. Katika makala yake ya mwaka 1970 aliweka sharti la kufuata kanuni za msingi za jamii, zile za sheria na zile za desturi ya kimaadili. Mtu anaweza kumpinga hata hivyo, lakini ampinge kwa alichoandika.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba uendelevu, yaani kufanya biashara bila kuharibu mazingira na maisha ya watu, ni kupanda miti tu, hivyo mwanafunzi wa ununuzi na ugavi haumhusu. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza, karibu na Dhaka nchini Bangladesh, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 1,100, wengi wao mafundi wa viwanda vya nguo. Siku moja kabla, nyufa zilikuwa zimeonekana. Benki na maduka ya chini yalifungwa, lakini mafundi waliitwa warudi kazini asubuhi iliyofuata, kwa kuwa kulikuwa na oda za kumalizwa. Katika zoezi la darasani, wape wanafunzi wa ugavi oda yenye bei, idadi ya mashati na tarehe ya meli kuondoka, kisha waulize kiwanda kikichelewa siku tatu kwa sababu ya ufa ukutani, mkataba walioandika wenyewe unamtoza nani.