"Kumbe Mnalipwa?"

Swali hili nimeulizwa misibani, harusini na kwenye kiti cha kinyozi: "Kumbe waigizaji wenu wanalipwa? Si ulisema kampuni haina faida?" Mimi ni mhasibu wa kampuni ya maigizo hapa Minneapolis, Marekani, na nimechoka kulijibu kwa vipande vipande.

"Isiyo ya faida" ni habari ya umiliki, wala haigusi mishahara. Kampuni ya aina hii haina mwenye mali. Ina bodi, na wajumbe wa bodi hawapati gawio. SACCOS yenu ikipata ziada, wanachama wanagawana. Kwetu ziada yote inabaki ndani: mchezo ujao, paa la ukumbi, akiba. Ziada inaruhusiwa kisheria, tena mimi huipigania kila bajeti inapopangwa. Machi 2020 kumbi zilipofungwa na watu wakadai fedha za tiketi zao zirudi, akiba ndiyo iliyoamua nani anabaki kazini na nani anarudi nyumbani. Fundi anayejenga msikiti analipwa ujira wake, na hakuna anayesema msikiti umegeuka duka. Kwa nini mwigizaji afanye bure? Kumbi kubwa za mikoani, yaani zilizo nje ya New York, huajiri kwa mkataba wa Actors' Equity, chama cha waigizaji na mameneja wa jukwaa kilichoanzishwa 1913. Malipo ni ya wiki, na wiki za mazoezi zinahesabiwa. Mtu anayepanda jukwaani mara nane kwa wiki atapata wapi muda wa kibarua kingine? Na nyuma yake wapo maseremala, washonaji na watu wa taa, wote wana kodi ya nyumba.

Hapo huja swali la pili: kama tiketi zinauzwa, michango ya nini? Kwa sababu tiketi peke yake hazifikii gharama, hata siku ukumbi unapojaa. Tukitaka zifikie, bei itawafukuza majirani ambao ukumbi ulijengwa kwa ajili yao. Pengo linazibwa na wafadhili, ruzuku na watu wa kawaida. Aliyewahi kuwa mweka hazina wa kamati ya harusi anajua tofauti ya ahadi na fedha mkononi. Mimi naishi nayo mwaka mzima.

Tiketi ya msimu, yaani ya michezo kadhaa inayolipiwa kwa pamoja, nayo husemwa kuwa ni mtego wa kumfunga mteja. Fedha hiyo huanza kuingia tangu majira ya kuchipua, miezi kadhaa kabla pazia halijafunguliwa, na kwenye vitabu vya hesabu ni deni letu kwako hadi mchezo uchezwe. Ushauri wangu ni ule ule kila mwaka: nunua mapema, na chagua siku za maonyesho ya awali, kabla ya uzinduzi. Bei huwa chini.

Wanaoona kumbi za mikoani kuwa daraja la pili chini ya Broadway, kumbi za kibiashara za New York, wanasoma ramani kinyume. Mchezo wa Fences wa August Wilson ulichezwa Yale Repertory, ukumbi wa Chuo Kikuu cha Yale, mwaka 1985, Broadway ikaupata 1987. The Great White Hope ilizaliwa kwenye ukumbi wa Arena Stage, Washington, mwaka 1967, ikahamia New York 1968, ikashinda tuzo ya Pulitzer 1969. Arena iliyoizaa haikupata mgao wa mapato ya huko. Mfano huo huwa kichwani mwangu kila ninaposoma mkataba.

Na A Christmas Carol, mchezo wa Krismasi kutoka hadithi ya Charles Dickens, kila Desemba? Watu wanauita uvivu. Ukumbi wa Guthrie wa hapa Minneapolis wanaicheza tangu 1975, ule wa Goodman wa Chicago tangu 1978, kwa sababu familia zinakuja, bibi na wajukuu safu nzima. Ukiingia Februari ukakuta mchezo wa mwandishi asiyejulikana, viti nusu vitupu na mwigizaji akitoa yote aliyonayo, ujue wale wajukuu wa Desemba wamechangia taa zinazommulika.