Plagi nyeusi haimaanishi plagi mbovu

Katika vijiwe vingi vya bodaboda mjini Mtwara, skuta au pikipiki inapogoma kuwaka asubuhi, hukumu hutolewa haraka: plagi, kile kifaa kinachotoa cheche ya kuwasha petroli ndani ya injini, imekufa, nunua nyingine. Plagi mpya ikifungwa chombo huwaka, na dhana hiyo huonekana kuthibitika, ingawa baada ya muda tatizo hurudi vilevile.

Weusi wa plagi mara nyingi hueleza hali ya ndani ya injini. Injini ikiwa imepoa, fungua plagi na uitazame nchani. Rangi ya kahawia hafifu ni njema. Masizi makavu, yanayofutika kwa kidole kama ya sufuria ya kuni, huonyesha kuwa petroli inayoingia ni nyingi kuliko hewa, pengine kwa sababu choki (kizuizi cha hewa cha kuwashia injini baridi) imeachwa imevutwa, kabureta (kichanganyio cha hewa na petroli) haikurekebishwa vizuri au, na hili ndilo la kukaguliwa kwanza kwa anayepita kila siku kwenye vumbi la barabara za vijijini Newala na Tandahimba, filta ya hewa imeziba. Filta ya sponji huoshwa kwa maji ya sabuni, hukaushwa kabisa na kupakwa oili kidogo. Ya karatasi haioshwi, hubadilishwa.

Weusi wenye mafuta yanayong'aa, kwa injini ya mipigo minne (ile ambayo oili haichanganywi na petroli), ni jambo jingine: oili inapenya kupitia ringi za pistoni au sili za valvu zilizochoka, hasa ekzosi ikitoa moshi wa bluu. Hapo spana ya nyumbani haitoshi; mwite fundi. Plagi yenyewe hustahili kubadilishwa kauri yake inapopasuka au ncha zake zinapolika.