Je, wajua kwa nini ngozi ya kuku hukauka ikavunjika ndani ya oveni bila kukaangwa?

Wengi wetu hapa Lamu huamini kwamba ngozi ya kuku haiwezi kuvunjika mdomoni kama manda ya sambusa mpaka kuku azamishwe kwenye karai la mafuta. Ukweli ni kwamba kinachoizuia ngozi isikauke ni maji. Yakiwapo juu yake, joto la jiko huishia kuyachemsha, na hapa pwani maji hayapiti nyuzi 100 za Selsiasi hata moto ukiwa mkali namna gani, ilhali ile rangi ya kahawia na harufu yake tamu huanza kutokea ngozi ikikaribia nyuzi 140. Badiliko hilo, linalotokana na protini na sukari kukutana kwenye joto, lilielezwa mwaka 1912 na mwanakemia Mfaransa Louis-Camille Maillard.

Mapovu yanayochachatika pembeni mwa paja ndani ya karai ni mvuke wa maji yanayofukuzwa. Mafuta ya nyuzi 180 huigusa nyama kila upande na kuipa joto upesi. Hewa ya oveni, hata ikifika nyuzi 220, hupitisha joto polepole zaidi, ndiyo maana mapaja ya oveni hutaka dakika 40 au 45. Hata hivyo, chini ya ngozi mna shahamu, nayo ikiyeyuka, ngozi hujikaanga yenyewe. Kwa hiyo kuku wa kisasa, mwenye shahamu nyingi, hufaa zaidi kuliko wa kienyeji.

Mazoea yetu ndiyo yanayotuponza. Kuku hurowekwa kwa ndimu, thomu na tangawizi, kisha hupangwa kwenye sinia akidondoka maji, na anayetoka huwa kama aliyechemshwa. Ndimu ina ubaya wa pili, kwani ukali wake huchelewesha rangi ya kahawia; mimi huikamua mezani, na ladha yake haipungui hata kidogo. Vipande navipangusa mpaka kidole kikipita juu ya ngozi kisiteleze, navipaka chumvi, pilipili manga na beking poda, kijiko kimoja cha chai kwa kila nusu kilo, kisha navilaza kwenye friji usiku kucha bila kuvifunika. Hewa ya kisiwani ni ya unyevu, hata chumvi hulowa kibakulini, lakini ya ndani ya friji ni kavu, nayo huinyonya ngozi ikabaki nyembamba kama karatasi.

Beking poda hufanya kinyume cha ndimu: huharakisha rangi, na gesi yake huacha vipele vidogo vidogo vinavyokauka kimoja kimoja. Magadi matupu yasitumiwe badala yake, maana huacha ladha ya sabuni.

Vipande vikae juu ya waya, sinia likiwa chini kukinga shahamu, ili joto kavu lipite pande zote. Mama zetu waliopalia makaa juu ya kifuniko wakioka mkate wa sinia walilijua hilo: moto wa chini peke yake hautoshi. Ndani ya nyama joto lifike nyuzi 74, na kuku akishatoka asifunikwe kwa kifuniko cha sufuria wala kwa kawa mpaka mvuke umalizike, kwa kuwa mvuke huo ukirudi juu ya ngozi huilainisha kwa dakika chache tu.