Miliwati nyingi si sauti nzuri: dhana potofu kuhusu pleya za kubadilisha amplifaya

"Fundi, nipe ile moduli yenye miliwati nyingi kuliko zote." Maneno haya, ya kuomba amplifaya (kikuza sauti) yenye nguvu nyingi kwa pleya ya muziki ya mfukoni, nayasikia karibu kila wiki, na kila mara nauliza: unasikilizia nini? Jibu huwa ni iafoni ndogo za kuchomeka sikioni, ambazo hata simu ya kawaida inaziendesha bila jasho. Nimechoka kulieleza hili kwa mteja mmoja mmoja.

Pleya kama FiiO X7 na iBasso DX200 zina kipande cha chini kinachofunguliwa skrubu na kutolewa. Kipande hicho, yaani moduli, ndicho amplifaya, na kimewekwa hivyo ili ukioanishe na hedifoni zako. Watu wamekigeuza kuwa ngazi ya heshima: aliye na moduli ya kwanza ni mwanafunzi, aliye na kubwa kabisa ndiye mjuzi.

Tupige hesabu. Hedifoni ya Sennheiser HD 650 ina omu 300 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), namba inayowatisha wengi. Hata hivyo, kwa volti 1 inatoa desibeli 103. Volti 1 kwenye omu 300 ni miliwati 3.3. Ndiyo, tatu nukta tatu! Na desibeli 103 tayari ni kelele. Shirika la Afya Duniani linashauri usizidi saa 40 kwa wiki hata kwa desibeli 80. Sasa chukua HiFiMAN HE-6. Ina omu 50 tu, mtu anadhani ni mteremko, kumbe unyeti wake, yaani sauti inayotoa kwa nguvu fulani, ni desibeli 83.5 kwa miliwati 1. Kuifikisha kwenye desibeli 103 zilezile unahitaji karibu miliwati 90. Kwa hiyo usiniambie omu peke yake. Niambie unyeti, ndipo tuzungumze. Na ukiongeza nguvu maradufu, unachopata ni desibeli 3.

Tena nguvu ya ziada ina gharama yake. Iafoni kama Campfire Audio Andromeda, yenye omu 12.8, ni nyeti mno. Ichomeke kwenye moduli iliyotengenezewa hedifoni nzito, utasikia "shhh" nyuma ya kila wimbo mtulivu, na kitufe cha sauti utakitumia hatua chache za mwanzo tu. Halafu kuna ukinzani wa ndani wa amplifaya, jambo ambalo hakuna mteja anayeliuliza. Kanuni ninayoifuata ni kwamba usizidi moja ya nane ya omu za iafoni. Kwa Andromeda hiyo ni omu 1.6. Ukizidi, sauti yenyewe inabadilika, kwa sababu omu za iafoni ya namna hii hupanda na kushuka kulingana na masafa, yaani wingi wa mitetemo ya sauti kwa sekunde. Besi inaweza kunywea au sauti nyembamba zikajitokeza kupita kiasi.

Dhana hii haifi kwa sababu ya namna watu wanavyojaribu. Anachomeka moduli moja, kisha nyingine, bila kusawazisha kiwango cha sauti. Yenye kelele zaidi inashinda, siku zote, maana sikio hupenda kilicho juu kidogo. Kwangu hakuna majaribio kabla ya kusawazisha kwa kipimo, hata mteja akinuna. Na njoo na hedifoni zako mwenyewe. Kama bado hujazinunua, zinunue kwanza, moduli baadaye.

Wengine huamini wakibadilisha moduli wamebadilisha na DAC, yaani chipu inayogeuza faili la kidijitali kuwa mawimbi ya umeme. Hapana. Kwenye X7 chipu ya ES9018S iko mwilini mwa pleya, na kwenye DX200 zile mbili za ES9028PRO vilevile. Hazitoki na moduli.

Wengine hudhani pleya hizi zinahitaji faili kubwa za 24/192, yaani biti 24 na kilohezi 192: CD kwa kilohezi 44.1 hubeba masafa hadi kilohezi 22.05, na sikio zima la binadamu huishia karibu 20. Santuri za Siti binti Saad, zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928, hazipati kitu kipya kwa kuwekwa kwenye faili kubwa. Tafuta nakala iliyosafishwa vizuri.

Ukisikiliza kwa Bluetooth, moduli yako haifanyi kazi yoyote. Hedifoni hizo zina amplifaya yao ndani. Hata LDAC, mfumo wa Bluetooth wa kubana sauti wenye ubora wa juu, huishia kilobiti 990 kwa sekunde, wakati CD ni 1411. Kama huna mpango wa waya, usinunue pleya hii.

Na ile njia ya balanced (tundu ambalo kila sikio lina waya wake hasi) ya milimita 2.5 au 4.4 inaongeza volti, lakini kwa kawaida inaongeza na ukinzani wa ndani, kwa hiyo iafoni nyeti haihitaji kukimbilia huko. Zaidi ya yote, usichomeke humo adapta ya kuipeleka kwenye jeki ya kawaida ya milimita 3.5. Adapta hiyo inaunganisha hasi mbili zisizotakiwa kugusana, na moduli inaweza kuungua papo hapo.