Dhamana si pesa iliyoliwa

Pale soko la Kibuye, Kisumu, bado utasikia: "Akilipa dhamana, kesi imeisha." Wengine huamini pesa hizo haziwezi kurudi kamwe. Yote mawili si kweli, na imani hii huumiza familia maskini kuliko wengine wote.

Dhamana ni ahadi kwamba mshtakiwa atarudi mahakamani. Kesi inaendelea kama kawaida. Ikimalizika, pesa taslimu zilizowekwa hurudishwa kwa aliyeziweka, hata mshtakiwa akipatikana na hatia, mradi alihudhuria vikao. Kwa hiyo tunzeni risiti! Bila risiti, kuzidai ni kazi ngumu. Bondi ya polisi nayo ni ahadi ya maandishi tu, haina malipo. Anayedai "kitu kidogo" anaomba hongo.

Katiba ya 2010, kifungu cha 49, inampa mshukiwa haki ya kuachiliwa kwa masharti yanayofaa, isipokuwa kuwe na sababu nzito.

Tatizo kama hilo la kudaiwa hongo au kunyimwa dhamana likijirudia kituo cha polisi, lipelekeni kwenye kamati ya watumiaji wa mahakama. Hapo hakimu, polisi, waendesha mashtaka, magereza na wawakilishi wa wananchi huketi meza moja. Wananchi wengi hawajui kwamba ipo, na hilo linanisikitisha.